Mng'oko wa Mlimani na Baba Yake

Vijana wa chumba cha mimea mikavu mmeniomba niandike "machache" kabla sijasahau. Mmekuwa waungwana, hamkusema kabla sijafa. Nimestaafu juzi tu na bado nakumbuka funguo zote za makabati zinapokaa, ikiwemo ile mliyoipoteza kisha mkaniambia haikuwahi kuwepo. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilinipita bila kunisalimia, nami sikuvikimbilia. Nitaandika habari za ming'oko.

Kwa ninyi mliotoka mikoa ambako watu hula vitu vilivyopandwa shambani: ming'oko ni mizizi ya mmea wa porini unaotambaa mitini, ambao sisi huuita kamba tu, jamaa wa viazi vikuu. Huchimbwa kiangazi, huchemshwa mpaka kuni zianze kukulalamikia, kisha mtu huketi akamenya kwa meno na kupiga soga. Newala na Masasi hakuna kikao kinachofanikiwa bila sahani ya ming'oko, na hakuna kikao kinachoisha kwa wakati kwa sababu hiyo hiyo. Kazi yangu ya maisha ilikuwa kujua mng'oko upi ni ndugu wa upi. Mama yangu mzazi alifariki akiwa bado haamini kwamba hiyo ni kazi.

Nilifika Newala kutoka Masasi nikiwa nimevaa viatu vyeupe, kwa kuwa niliambiwa nitafanya kazi ofisini. Mkuu wa chumba alikuwa Bwana Nalinga, ambaye kituo kizima cha utafiti kilimwita Baba Rashidi kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama mimi nilivyokuja kuitwa Mama Tumaini. Alinizidi miaka michache tu, lakini aliitumia yote. Aliviangalia viatu vyangu kwa muda kabla hajaniangalia mimi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Masasi. Baba yangu ni mwalimu pale karibu na—"

"Baba yako atakuwa na habari zake. Nauliza ukoo. Mama yako ni wa nani?"

Hapo lazima nieleze, maana baadhi yenu mtasoma mkishangaa. Huku juu, kwenye uwanda wa Newala, mtoto ni wa mama. Ukoo, ambao Wamakonde huuita litawa, unashuka kwa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti, na baba huheshimiwa, hupikiwa vizuri, na akitoa maoni husikilizwa kwa adabu kisha mambo yanaendelea. Sisi Wamakua wa Masasi tuna utaratibu huo huo, ila familia za Kianglikana kama yetu zilivurugwa na misheni. Babu yangu alipobatizwa waliandika jina la baba yake baada ya lake, na tangu siku hiyo tuna koo mbili, moja ya kanisani na moja ya kweli. Nikamtajia Baba Rashidi ile ya kweli. Akaridhika, akanipa mtaimbo.

Kufikia jioni viatu vyangu vilikuwa vyekundu na havikurudi tena kwenye rangi yake. Nilikuwa nimechimba kamba tatu kichakani nyuma ya kituo na nina karai limejaa mizizi yenye udongo. Baba Rashidi akanikabidhi kikombe kimoja cha maji nikaioshe. Nikauliza maji mengine yako wapi.

"Bondeni, Ruvuma," akasema. "Ukishuka, wasalimie."

Ndivyo nilivyojifunza kusafisha mizizi kwa mswaki mkavu, utaalamu ambao hakuna chuo kinachoufundisha kwa sababu vyuo hujengwa penye mabomba. Wageni waliokuja kututembelea walisifu sana ubunifu wetu. Walisifu huku wakinywa maji ya chupa waliyokuja nayo.

Vifaa vyetu vya siku zile mngevicheka. Fremu za mbao za kukandamizia mimea, mikanda iliyowahi kufunga mizigo ya korosho, magazeti ya zamani ya kunyonya unyevu, na lenzi moja ya mkononi ambayo Baba Rashidi aliivaa shingoni hata msikitini. Unakata kamba yenye jani, ua na tunda kama vipo, unailaza ndani ya gazeti, unakaza mkanda, na kila siku unabadilisha gazeti mpaka mmea ukauke. Nimesoma habari nyingi za siasa kwa mtindo huo, zote zikiwa zimechelewa. Kisha unaubandika kwenye karatasi ngumu, unaandika ulipotoka na jina lake, unaufungia kabatini, unaanza kupigana na mchwa. Mimea huisha kukauka. Mchwa hawaishi.

Baba Rashidi hakuwa mnyenyekevu, na sitamsingizia unyenyekevu leo kwa kuwa ni mzee. Alikuwa na elimu na alikuwa na mdomo. Lakini alinifundisha kuona. Alinifumba macho kwa leso akanipa majani niyashike, mpaka nikajua kwa vidole lipi lina vinyweleo chini na lipi ni laini. Alinifundisha kwamba kamba hizi zina madume na majike, kila kamba na jinsi yake, kama watu, na kwamba usipoleta zote mbili umeleta nusu ya habari. Kumbukeni alisema hivyo. Alinifundisha pia kutazama kamba inazunguka mti kuelekea kulia au kushoto. Kwa jambo hili tuligombana wiki nzima, kila mmoja akiwa na hakika, mpaka tukagundua kwamba yeye alikuwa akiitazama kutoka juu na mimi kutoka chini. Hakuomba radhi. Alisema kutoka chini si mahali pa mtaalamu kutazamia.

Kesi ngumu ya maisha yetu ilitoka kwetu Masasi, kwenye kilima cha Namkuti. Ni jiwe moja kubwa lenye kichaka mabegani, mfano wa hayo mengine mnayoyaona mkishuka basi. Juu yake kuna ming'oko ambayo jani lake ni nene kuliko ya huku juu na mzizi wake una kauchungu kadogo kanakobaki ulimini. Baba Rashidi alipoishika mara ya kwanza alinyamaza, jambo lililotutia wasiwasi. Kisha akasema hii si ile. Hii ni aina yake yenyewe, haijaandikwa popote, na yeye ndiye atakayeiandika.

Aliyetupandisha kilimani alikuwa Mama Zainabu, mjane aliyeishi chini ya Namkuti na kuchimba huko kila kiangazi, kisha akauza sinia la ming'oko iliyochemshwa penye stendi. Wajukuu wake walilelewa na kile kilima. Tulimuuliza, kwa heshima zote za kitaalamu, kama anaona tofauti kati ya ming'oko ya mlimani na ile ya Newala.

"Hii inaliwa, ile inaliwa," akasema. "Hii inauzwa, ile inauzwa. Nyie tofauti mnaitafutia nini?"

Baba Rashidi alilijibu swali hilo kwa nusu saa na Mama Zainabu akaendelea kuchimba.

Miaka ikapita. Wakubwa wa fani walikuja, wakatazama karatasi zetu, wakasema mng'oko wa mlimani ni ule ule ila umekaa penye jiwe, na mtu yeyote akikaa juu ya jiwe atakuwa na ngozi ngumu. Baba Rashidi aliwasindikiza hadi getini kwa adabu kubwa na hakuyataja tena majina yao. Kwenye karatasi zake aliandika kwa penseli jina la muda alilolitunga mwenyewe. Lilifanana sana na Nalinga.

Kisha zikaja zama za vinasaba, zikaja na Dk. Salma. Msichana wa Tandahimba, mpole, aliyetoka masomoni akiwa na vipakiti vya chembechembe za kukaushia majani na uvumilivu wa kutosha kutuvumilia. Alitueleza kwamba siku hizi undugu hauamuliwi kwa kutazama nyuso. Unachukua kipande cha jani, unakipeleka maabara ya jijini, wanasoma urithi uliomo, kompyuta inachora mti wa ukoo: nani katoka kwa nani, nani kaachana na nani zamani. Walioko tawi moja ni ndugu, hata kama hawafanani. Nilimwambia huku Newala tuna mabibi wanaofanya kazi hiyo bila kompyuta. Akacheka, akaliandika hilo daftarini.

Alifika wakati muafaka, kwani kampuni moja ilikuwa imeomba kuvunja Namkuti ipate kokoto za barabara. Ofisi husika ikatuuliza swali moja tu: juu ya kilima hicho kuna mmea usiopatikana mahali pengine popote? Ukiwepo, baruti haipandi. Usipokuwepo, mawe ni mawe. Mng'oko wa mlimani ukiwa aina yake yenyewe, kilima kitapona. Ukiwa ule ule wa Newala, Mama Zainabu atafute pengine pa kuchimba. Nilishuka Masasi kumweleza. Alikuwa anapuliza moto.

"Kilima kikienda, mimi niuze nini?" akaniuliza. "Kokoto?"

Nikamwambia tuna Dk. Salma. Akasema salamu zake zimfikie.

Majani yakaenda jijini. Mfuko wetu ulitosha kusoma sehemu moja tu ya urithi, ile iliyomo kwenye chembe za kijani za jani, na Dk. Salma alipokuwa anatueleza alitaja, kama jambo dogo, kwamba sehemu hiyo mmea huirithi kwa mama tu.

"Kwa mama tu?" Baba Rashidi akauliza.

"Kwa mama tu, Baba."

"Kumbe mimea ina akili."

Majibu yalirudi yakiwa yamechorwa vizuri. Mng'oko wa mlimani ulikuwa umekaa katikati kabisa ya tawi la ming'oko ya Newala na Tandahimba. Mama mmoja. Na sasa nawaandikia kosa ambalo naamini halingetokea kituo kingine chochote. Mahali pengine mtu angenyoosha kidole akauliza, na baba je? Kwetu chumba kizima kiliitikia kwa kichwa. Mama mmoja, ukoo mmoja, mjadala umefungwa, nani ana sukari? Dk. Salma alikuwa amesomea jambo hili na alijua kwamba mti wa mama ni nusu ya mti. Lakini alilijua kwa kichwa, na mtu aliyezaliwa Tandahimba akiambiwa mama ni mmoja, mwili wake wote unasema yameisha. Mimi nami nilikuwepo, nilikunywa chai.

Kilichonichoma ni Baba Rashidi. Mtu aliyebishana na wakubwa wa fani miaka yote ile hakubisha hata neno. Alichukua karatasi zake kabatini, moja baada ya nyingine, akachukua ufutio, akafuta lile jina la penseli. "Kama mama ni mmoja, nilikosea," akasema. Sikuwahi kumsikia akitumia neno hilo kwa nafsi ya kwanza. Nilitamani abishe, hata anitukane, nikatoka nje nisimwone.

Taarifa ikaenda kwamba Namkuti haina cha pekee. Nikashuka tena kumwambia Mama Zainabu, maana niliona aibu asikie kwa baruti. Hakupiga kelele. Alisema basi twende tukachimbe ya mwisho hata kama si kiangazi, akajifunga kanga ya pili kiunoni, tukapanda.

Mvua zilikuwa zimekolea na kamba zimechanua. Nikiwa nimekaa kwenye jiwe kumsubiri, nikashika kamba dume iliyoning'inia usoni mwangu, na kwa mazoea tu nikaitazama kwa lenzi yangu. Ming'oko ya Newala dume lake lina vishada vya maua vyembamba, vilivyonyooka, vimoja vimoja. Hivi vilikuwa vimegawanyika matawi na kushuka kama ndevu. Nilivijua. Bondeni, upande wa Ruvuma, kuna jamaa wa ming'oko aliye mchungu, ambaye watu wetu hawamli isipokuwa mwaka wa njaa, na hata hapo humloweka siku nyingi kwanza. Vishada vyake ni hivi hivi. Kwetu mtoto akizaliwa na pua isiyo ya nyumba ile, hakuna anayepeleka chochote maabara. Watu hugeuka wakawatazama majirani.

"Umeona nini?" Mama Zainabu akauliza.

"Pua ya baba."

"Baba wa nani?"

"Wa hizi kamba. Mama yao ni wa Newala, lakini naona baba katoka bondeni."

Akazitazama zile kamba kwa jicho jipya kabisa. "Kumbe nazo huzaa nje," akasema.

Nilirudi Newala na dume na jike ndani ya magazeti. Dk. Salma aliviangalia vishada, akavua miwani. Kisha akasema, "Mama Tumaini, nilijua. Upande wa pili tungeweza kuuombea fedha tukausoma. Nilijua na sikuuliza." Nikamwambia hakuna aliyeuliza, na kwamba lawama tuigawane baadaye, sasa tupeleke majani tena. Kuomba fedha na kupeleka kulihitaji saini ya mkuu wa chumba. Na mkuu wa chumba, ambaye kipimo hicho ndicho pekee kingemthibitisha kuwa alikuwa sahihi maisha yake yote, akakataa.

"Baba wa nini?" akasema. "Baba ni mgeni aliyepita. Huwezi kubadili ukoo wa kitu kwa sababu ya mpita njia. Mimi nimeshafuta."

"Kilima kitavunjwa, Baba Rashidi."

"Kitavunjwa kwa haki."

Nilikaa kwenye kiti cha wageni, kile kibovu. Nilifanya kazi na mtu huyu miaka mingi na nilijua mahali panapomuuma, na siku ile nilipagusa kwa makusudi. Rashidi alikuwa ameoa muda si mrefu kabla ya hapo. Mjomba wake ndiye aliyepanga kila kitu, mahari, siku, mpaka idadi ya sufuria, na Baba Rashidi alipewa kiti kizuri na soda baridi. Alirudi kazini Jumatatu hana la kusimulia.

"Rashidi akipita sokoni," nikamuuliza, "mtu asiyemjua anajuaje kwamba ni wako?"

Alikunja na kukunjua uzi wa ile lenzi iliyokuwa shingoni.

"Kwa mwendo," akasema mwishowe. "Mwendo ule ni wangu. Hakuna mjomba yeyote kule anayetembea vile."

"Basi hatuombi ukoo. Tunaomba mwendo."

Akasaini. Akasema tupime, lakini tusimletee baba asiye na adabu.

Tulisubiri majibu huku mashine za kampuni zikisubiri barabara ikauke, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliomba mvua iendelee wakati nina nguo kambani. Majibu yalipofika, Dk. Salma alinipa niyasome mimi kwa sauti. Urithi wa mng'oko wa mlimani ulitoka pande mbili: mama wa uwanda wa juu, baba yule mchungu wa bondeni. Wala haikuwa habari ya juzi. Walikutana zamani mno, na wana wao wameishi wenyewe kwa wenyewe pale kwenye jiwe vizazi na vizazi, mpaka wakawa si wa mama wala si wa baba. Mti mzima uliwapa tawi lao. Aina yake yenyewe. Baba Rashidi alinyoosha mkono akaomba penseli, akaanza kuandika upya jina kwenye kila karatasi, na mwandiko wake ulikuwa mbaya kwa sababu alikuwa analia. Nayaandika haya kwa kuwa ameniruhusu. Alisema niongeze kwamba lilikuwa vumbi.

Kulikuwa na jambo la pili, ambalo Dk. Salma aliliandika ukurasa wa mwisho wa taarifa, mahali ambapo hakuna afisa anayefika. Kamba za kilimani zilikuwa hazitofautiani sana, na matunda yake mengi hayana mbegu iliyojaa, kama ilivyo kwa wengi waliozaliwa na koo zilizoachana mbali. Kwa maneno mengine haijulikani zimewezaje kudumu.

Kampuni ikaondoa mashine. Sisi tukapongezana. Na serikali, ambayo ikishaamua kukupenda hukupenda kwa nguvu zote, ikaleta kibao cha chuma na mlinzi. Kibao kilisema ni marufuku kukata, kuchimba wala kuingia. Mtu wa kwanza kukamatwa alikuwa Mama Zainabu. Hawakumfunga, walimnyang'anya mtaimbo na kumwonya mbele ya watu wa umri wa wajukuu zake. Nilipomfuata nyumbani alinikaribisha kitini, akanipa maji, akakaa mbali nami kidogo.

"Afadhali wale wa baruti," akasema. "Wale nilijua ni maadui."

Kilima tulikiokoa, yeye tukamfukuza, na mimi ndiye niliyekwenda kwake mara zote na lugha tamu.

Baba Rashidi akastaafu. Mvua zikaja mara mbili. Nilipata kibali cha kupanda Namkuti kuangalia hali ya mmea wetu mashuhuri. Kamba zilikuwa chache. Palipokuwa na vichaka vilivyosukana palikuwa na mizizi mizee, migumu kama kuni, mingine imeoza, na nguruwe wameila ile iliyobaki. Hapakuwa na machipukizi. Mlinzi aliniambia kwa fahari kwamba tangu afike hakuna mtu aliyegusa kitu.

Nikashuka moja kwa moja hadi kwa Mama Zainabu, nikamuuliza swali ambalo kila mtoto wa huku anaweza kulijibu.

"Ukishachimba unafanyaje?"

Alinitazama kama nimeuliza chumvi ni nini. "Nakata mizizi, kichwa nakirudisha chini. Kikiwa na macho mawili nakigawa, nusu naweka shimo jingine. Si kila mtu anafanya hivyo? Ukiacha kichwa juu, wenzio watakusema mpaka huko kwenye foleni ya maji."

Ndiyo, kila mtu anafanya hivyo. Mama yangu alifanya hivyo. Kituoni tulilijua wote na hakuna aliyeliandika, kwa sababu hakuna anayeandika kwamba watu wakitoka hufunga mlango. Mmea usiozaa mbegu ulikuwa umepandwa upya kila kiangazi na wanawake wa chini ya kilima, tangu enzi za bibi za bibi zao. Tuliposoma urithi wa mama tukausahau wa baba, tulijiona wajinga. Tuliposoma wa wote wawili tukamsahau aliyewalea watoto, tulipewa pongezi.

Tukaenda kwa afisa husika, Dk. Salma, mimi, na Baba Rashidi akiwa na bakora yake. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu sana, aina ambayo ni ngumu kuliko wakali. Alitusomea kanuni: mmea ukiwa adimu, hauchimbwi. Dk. Salma akaeleza habari ya mbegu. Afisa akasema ni hoja nzuri, ataifikisha kwenye kikao. Nikaeleza habari ya vichwa vya mizizi. Akasema hiyo nayo ni nzuri, ataiweka pamoja na ile. Tulikuwa tunakaribia kuagwa.

"Mwanangu," Baba Rashidi akasema, naye alikuwa hajafungua mdomo tangu shikamoo, "baba wa ming'oko hii yuko bondeni, mchungu, hana habari. Mama aliyeizaa yuko Newala, huko mlimani hayupo. Aliyebaki kuilea ni yule bibi uliyemnyang'anya mtaimbo. Mmemwokoa mtoto, mkamfukuza mlezi. Sasa mtoto anakufa. Hicho kikao chako kikikaa, kitamkuta?"

Yule kijana aliweka kalamu chini. Akauliza mlezi anaitwa nani. Nikamtajia, na akaandika mwenyewe, bila kumwita karani.

Haikuchukua siku moja, msidanganyike. Lakini kibao kiliongezwa mstari kwa rangi ya mkono, kinachosema isipokuwa wachimbaji waliotambuliwa, na Mama Zainabu akarudishiwa mtaimbo wake pamoja na kizibao cha kung'aa chenye maandishi mgongoni. Kizibao anafunikia sinia la ming'oko lisiingie nzi. Wenzake watano nao wametambuliwa, na yule mlinzi ni mteja wao.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda Namkuti na fremu zangu, nikijidai nakusanya kielelezo cha jike ambacho kabati letu halina. Kabati letu linavyo vingi. Mama Zainabu alikuwa amekwisha kuchimba shimo la kwanza, yumo mpaka mabegani, anatupa mizizi juu mmoja mmoja. Alipotoka alikuwa na kichwa cha mzizi mkononi, kimeshika udongo, kina chipukizi jekundu dogo. Hakukirudisha mwenyewe. Alininyooshea.

"Shika. Rudisha."

Nikawaza nilivyokaa kwenye kazi hii. Makabati yamejaa nilivyovitoa ardhini kwa mikono hii, nikavikausha, nikavigundisha, nikaviandikia ni watoto wa nani. Sikukumbuka hata kimoja nilichowahi kukirudisha. Nikapiga magoti, nikakiweka shimoni, nikasukuma udongo kwa viganja polepole, na machozi yalinitoka na sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa michafu. Mama Zainabu alisubiri mpaka nikamaliza. Kisha akainama, akatazama, akasema nimekizamisha mno na tena nimekigeuza macho chini. Akakifukua, akanirudishia, akaniambia nianze upya.